Mkwe Nyuma ya Pazia

Mvua ndiyo iliyotoboa siri. Ilinyesha Jumapili mchana, ya kwanza tangu kiangazi kianze, na chokaa iliyopakwa haraka haraka kwenye ukuta wa mbele ikateremka na maji mpaka mtaroni. Watu waliojibanza kwenye baraza la duka la simu ng'ambo ya barabara walisoma herufi moja baada ya nyingine zikijitokeza, nyekundu, kubwa, za mtu aliyeandika akiwa amekasirika: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyeinunua alikuwa ndani anakaanga samaki. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja tangu akabidhiwe funguo.

Inspekta Mwamvua alifika Jumanne asubuhi. Alikwangua chokaa iliyobaki kwa ukucha, akaionja ncha ya kidole, akaandika kwenye daftari kwamba haikutiwa chumvi. Fundi anayejua kazi hutia chumvi chokaa ili ishike. Aliyepaka hii alitaka ukuta uwe mweupe siku chache tu, na siku chache alizipata.

Nyumba yenyewe, huwezi kumlaumu aliyeitamani. Ilikuwa katikati ya Katoro penyewe, hatua mia kutoka sokoni, vyumba vitatu na fremu mbili za biashara zinazotazama barabara. Hapo viwanja havishikiki. Wenye dhahabu wamepandisha bei mpaka walimu na manesi wamesogea huko pembeni ambako hata bodaboda anauliza njia. Kulia wanachomelea mageti, kushoto wanakaanga chipsi, mbele saluni mbili zinashindana kwa muziki. Mama Edson, mjane wa miaka sitini na mitatu, aliuza ng'ombe wote alioachiwa na marehemu mumewe kule Kishapu ili apate kuishi ndani ya kelele hizo. Hakuona aibu kulisema. Kimya cha Kishapu kilikuwa kimemchosha, alisema, ikifika jioni anasikia mbwa wa jirani na mapigo ya moyo wake mwenyewe, basi.

Sasa mwenye nyumba halali alikuwa amekuja na hati yake mkononi. Aliitwa mzee Otmar, bwana mifugo mstaafu anayeishi Ushirombo, na yale maneno mekundu aliyaandika yeye mwenyewe mwaka juzi baada ya matapeli kujaribu kuiuza nyumba hiyo kwa mtu mwingine. Alimpa Mama Edson mpaka Jumamosi ahame. Alimpa kwa upole, akamwomba na samahani, jambo lililozidi kuumiza, maana hata mtu wa kumchukia hakupatikana.

Mwamvua alikaa kwenye kigoda sebuleni, akamwamkia mama, akaitikiwa, akaanza na swali ambalo kila askari huanza nalo. Aliyeuza nyumba alikuwa nani?

"Mkwe wangu," alisema Mama Edson.

"Anafananaje?"

"Sijui."

Mwamvua aliinua kichwa. Alikuwa mzaliwa wa Kondoa, ana mwaka mmoja na nusu tu huku, na kuna mambo ya Wasukuma yalikuwa bado yanampita. Mama Edson akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Dalali aitwaye Wiliam alimwambia nyumba ni ya Deogratias wa Masumbwe, aliyemwoa Sikujua. Sikujua ni mtoto wa pekee wa marehemu dada yake. Mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na mume wake ni mkwe wako. Na mama hakai na mkwe wake wakatazamana usoni, wala hawasemezani hivi hivi kama watu waliokutana kilabuni. Ni heshima. Basi siku ya mauziano yeye alikaa hapo hapo alipokaa Inspekta, kajifunika kanga, macho chini. Mkwe akasimama barazani, nyuma ya pazia la mlango. Wiliam akawa katikati, anachukua neno la huyu anampelekea yule.

"Sauti yake je?"

"Alikuwa ananong'ona kwa Wiliam. Nikaona kijana ana adabu."

Hakuomba hati? Hakuomba kitambulisho? Mama Edson alimtazama Mwamvua kwa huruma kidogo. Utamwambia mkwe wako nionyeshe kitambulisho? Tena alifurahi kwamba nyumba ilikuwa inabaki ndani ya ukoo. Mkataba aliletewa na Wiliam ukiwa na sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa, ambao Mwamvua alijua tangu jana kuwa umechongwa kwenye kandambili. Mzigo wa noti ulipita chini ya pazia ukiwa umefungwa kwenye kitenge.

Mwamvua alifunga daftari. Ilimuuma, na hakujali kama inaonekana. Ameshughulika na matapeli miaka kumi na nne, lakini hawa walikuwa wamechukua heshima ya mtu wakaifanya kamba ya kumfungia. Aliuliza kama mama ana mtu wa kumsaidia kuhama. Anaye, mwanawe wa pekee, Edson, yuko machimboni upande wa Geita, atakuja Alhamisi na gari la kubeba vitu limrudishe Kishapu.

"Kwenye boma lisilo na ng'ombe," aliongeza mama, akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote.

Wiliam dalali alikuwa mahabusu tangu Jumatatu. Alikuwa na shati zuri na kumbukumbu mbaya. Ufunguo alikuwa nao kwa sababu mzee Otmar alimpa atafute mpangaji, hilo alilikubali. Chokaa hakujua. Mhuri hakujua. Muuzaji alikuja mwenyewe akajitambulisha kuwa ndiye Deogratias, kainunua nyumba kwa mzee Otmar kienyeji, na yeye Wiliam ni mtu wa kuamini watu. Kila alipobanwa alirudi hapo hapo: mtafuteni Deogratias wa Masumbwe, mkiniuliza mimi mnaniuliza bure. Alilisema jina lile mara nyingi mno. Mwamvua aliliandika, akapiga mstari chini yake, akaomba gari.

Jumatano walipita Ushirombo wakaingia Masumbwe kabla ya saa sita. Deogratias alikuwa fundi baiskeli, ana kibanda chake karibu na mashine ya kukoboa mpunga, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Alipoona gari la polisi hakukimbia. Aliuliza tu kama anaweza kumalizia kuziba pancha, maana mwenye baiskeli ana safari. Mwamvua alimwacha amalizie huku akimwangalia. Mtu mwenye fedha ya nyumba ya katikati ya Katoro hazibi pancha na kiraka cha kukata mwenyewe, lakini hiyo si hoja ya kupeleka mahakamani, kwa hiyo akamuuliza alikuwa wapi Jumatano ya wiki ya juzi.

Deogratias hakufikiri. Alikuwa hospitali. Mkewe Sikujua alijifungua mapacha siku hiyo, akatoka damu nyingi, na wauguzi wakatafuta ndugu wa kuchangia. Aliingia ndani akatoka na kadi ya kuchangia damu, ina mhuri, tarehe na saa. Sikujua mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini, bado mweupe wa viganja, mtoto mmoja kila upande. Mwamvua alipiga picha kadi, akawatazama wale watoto kidogo, akaona mstari wake mzuri chini ya jina umekwenda na maji. Mtu aliyesimama nyuma ya pazia hakuwa huyu.

Alibakiwa na swali moja la kujiuliza njiani kurudi, akaona heri aulize hapo hapo. Mama Edson amewahi kumwona?

"Hajawahi, hata picha," alisema Deogratias. "Harusi tulifunga Ushirombo, mama alikuwa anamuuguza marehemu mzee, hakuja. Mambo ya mahari yote yalipita kwa kaka yake Sikujua."

"Kaka gani? Sikujua si hana ndugu?"

"Edson, wa mama mkubwa. Ndiye tuliyehangaika naye. Mwaka jana nilitaka kwenda Kishapu kujitambulisha, akaniambia subiri, mama bado ana msiba."

Mwamvua alirudi kwenye gari, akaufunga mlango kwa kishindo. Askari aliyekuwa anaendesha alimwuliza kama amekasirika, akajibiwa aangalie barabara.

Aliyafikiria kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Pazia linaficha uso na mnong'ono unaficha sauti. Lakini mgeni ana haja gani ya kuficha uso? Tapeli kutoka Kahama au Mwanza angeweza kusimama wazi wazi mbele ya Mama Edson, akacheka naye, akanywa na soda yake, mama asimjue. Anayehitaji pazia ni yule ambaye akionekana atatambuliwa, na anayenong'ona ni yule ambaye akisema neno moja ataitwa kwa jina. Na huyo mtu alikuwa anajua kuna mkwe Masumbwe ambaye mama hajawahi kumwona. Watu wa namna hiyo hawakuwa wengi. Kwa hesabu ya Mwamvua, alikuwepo mmoja tu, na alikuwa anakuja kesho na gari la kubeba vitu.

Angeweza kwenda kumkamata machimboni usiku ule ule. Hakwenda, kwa sababu hakuwa na kitu mkononi. Wiliam asingemtaja mwenzake akijua hakuna ushahidi. Sahihi ya mkataba ilikuwa michoro ya kuku. Mtu pekee aliyemwona muuzaji, ukimtoa Wiliam, ni yule mama aliyekuwa anatazama chini.

Alhamisi saa tatu alikuwa Katoro. Vyombo vilikwisha fungwa, vitanda vimefunguliwa, godoro limesimamishwa ukutani. Pazia lilikuwa bado linaning'inia mlangoni, la bluu lenye maua, na Mama Edson alikuwa ameketi kulitazama akiwa na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Mwamvua alimwambia Deogratias hahusiki, akamweleza habari za mapacha. Mama alishukuru Mungu kwa Sikujua. Hakuuliza basi ni nani. Mwamvua alingoja aulize, akangoja tena, hakuuliza.

Ndipo akamwomba wafanye jambo dogo. Akamwambia akae kama alivyokaa siku ile, kanga kichwani. Yeye akachuchumaa pembeni yake, macho chini, akamwamuru askari wake atoke barazani asimame nyuma ya pazia bila kusema kitu.

Pazia halikufika sakafuni. Lilikuwa pungufu kwa shibiri nzima, na pale kwenye upungufu, juu ya saruji iliyopigwa jua, viatu vya askari vilionekana wazi kuliko kitu kingine chochote ndani ya chumba. Mwamvua alivitazama muda mrefu. Mtu aliyeinamisha macho kwa heshima hakuwa na kingine cha kutazama.

"Mama," alisema, "kamba za viatu vyake zikoje?"

"Nyeusi. Ya kulia imekatika, ameifunga fundo."

"Siku ile ulikaa hapa muda gani?"

"Kama saa nzima."

Nje fundi mageti aliwasha mashine yake, akazima. Mama Edson aliweka kikombe chini.

"Alivaa katambuga," alisema mwishowe. "Za tairi. Mguu wa kushoto una kovu, limeanzia kwenye kidole gumba linakwenda juu. Kidole cha pili kimelala, hakinyooki."

Mwamvua hakuandika kitu. Aliuliza kovu la nini, japo alikwisha jua mguu ni wa nani, na alijichukia kidogo kwa kuuliza.

"La jembe. Tulikuwa tunapalilia pamba. Alikuwa na miaka tisa. Nilichana kanga yangu nikamfunga, nikambeba mgongoni mpaka zahanati, na alikuwa mzito." Akalitazama pazia. "Nilijiambia wachimbaji wote miguu yao imeharibika. Nikajiambia mwanangu yuko machimboni, na kesho yake akanipigia simu akanipongeza kwa nyumba. Nikasema moyoni, unaona sasa, wewe mama una wazimu."

"Ungeweza kuinua macho."

"Ningeweza. Mkwe si moto, mwanangu. Mtu akiinua macho kwa bahati mbaya anaomba radhi, yanaisha. Sikuinua kwa sababu nilikwisha ona." Sasa alikuwa analia, bila sauti, machozi yanateremka yanapita. "Na niliitaka nyumba. Niliitaka sana hii nyumba."

Mwamvua alimweleza hali ilivyo, hakupamba. Asiposema, Wiliam atafungwa peke yake, Jumamosi yeye mama anatoka kwenye nyumba, na faili linaishia hapo. Akisema, pengine kuna fedha zilizobaki zinazoweza kurudi, lakini mwanawe anakwenda gerezani, na atakayempeleka ni maelezo ya mama yake. Mama Edson aliuliza kama anaweza kufikiri. Mwamvua akasema anaweza. Alitamani kumwambia afikiri mpaka mwaka ujao.

Muda wa kufikiri haukupatikana. Gari lilisimama nje, mlango wake ukabamizwa, na chini ya pazia, karibu na viatu vya askari, ikasimama miguu miwili ndani ya katambuga. Wa kushoto ulikuwa na kovu.

Kisha pazia likasogezwa, na kijana mrefu wa miaka thelathini hivi akaingia na kamba begani, jasho usoni. Alimwona mama yake na kanga kichwani, kwenye kigoda kile kile. Alimwona Inspekta amechuchumaa. Akatazama miguu yake mwenyewe. Edson hakuwa mjinga.

"Shikamoo mama," alisema.

Mama yake hakuitikia. Katika maisha yake yote ya kuamkiana, asubuhi na jioni, tangu Edson ajue kusema, ilikuwa mara ya kwanza salamu ile kukosa jibu, na kijana akabaki amesimama akiingoja.

"Andika," Mama Edson alimwambia Mwamvua. Akavua kanga kichwani, akamtazama mwanawe usoni, akatoa maelezo yake yote mbele yake: pazia, saa nzima, katambuga, kovu, jembe. Alisema polepole ili Inspekta asipitwe. Mwamvua aliandika, na alipofika kwenye kanga iliyochanwa ilimbidi aache kidogo, akasingizia kalamu.

Edson hakukana. Alikaa chini sakafuni, akaanza kueleza habari za duara lao, yaani shimo walilokuwa wanachimba yeye na wenzake watano. Walikuwa wamebakiza futi ishirini kufika kwenye mwamba. Alimwomba mama fedha za ng'ombe tangu mwezi wa sita, mama akakataa, anataka nyumba mjini. Basi akaona ampe nyumba kwa miezi mitatu, wakati huo mwamba utakuwa umetoa, atamfuata mzee Otmar amlipe bei anayotaka, mama asijue chochote. Walimtafuta mtu wa kusimama badala yake, mtu huyo akataka nusu. Ndiyo maana alisimama mwenyewe. Alikuwa anaeleza kama mtu anayeeleza mpango mzuri ulioharibiwa na hali ya hewa.

"Fedha ziko wapi?" aliuliza Mwamvua.

"Pampu. Magogo. Chakula cha watu." Alijifuta uso kwa kamba. "Duara limejaa maji tangu Jumapili. Kuta zimeanguka. Hatujatoa hata kokoto."

Kwa hiyo mvua ilikuwa moja. Mwamvua aliliandika hilo pia, ingawa halikuwa na kazi kwenye jalada.

Mama Edson aliinuka. Alimsogelea mwanawe, akainama kwa shida akaushika ule mguu wa kushoto, akakinyoosha kidole kilicholala, kikarudi kulala.

"Ningeinua macho siku ile ungeona haya," alisema. "Ungetupa kile kitenge ukakimbia, na mimi ningekuwa na hasira na wewe wiki moja. Tungekuwa tumepona. Mimi ndiye niliyekuacha uibe, Edson. Nilikaa nikakutazama."

Edson aliinamisha kichwa, naye akaanza kulia, kwa sauti, bila kujificha, mpaka mashine ya fundi mageti ikanyamaza na watu wakaanza kuchungulia. Mwamvua alimwacha. Kisha akamwomba anyooshe mikono, akamfunga pingu kwa mbele ili aweze kushika mlango wa gari. Kwenye maelezo Mama Edson aliandika jina lake kamili, Theopista, kwa herufi za mtu aliyesoma mpaka darasa la nne, na alipomaliza akauliza kama ameandika pazuri.

Walitoka nje. Ukuta ulikuwa umekauka vizuri, maneno mekundu yamebaki yote. Watu wa saluni walitoka kutazama, muuza chipsi akashika mwiko hewani. Edson alipandishwa nyuma ya gari la polisi, akaketi, katambuga moja imemvuka imebaki barabarani. Mama yake aliiokota, akaipangusa tope kwa kanga, akamvisha kupitia mlango uliokuwa wazi. Askari akaufunga.

Gari lilipowashwa, Mama Edson alisogea dirishani.

"Marahaba," alisema.

Mwamvua hakuwa na hakika kama kijana alisikia, kwa zile kelele za Katoro.